Hewa Kutoka Nyuma ya Banda

Kamba ilijibu, lakini haikujibu kama kamba ya mtu mwenye akili zake.

Hapo ndipo mlipomwacha Nzilani wiki iliyopita: amepiga magoti ukingoni mwa boti, kamba mkononi, macho majini. Na wewe ambaye gazeti lako la wiki jana lilifungiwa nyama na mwenye bucha kabla hujalisoma, sogea karibu nikupitishe haraka.

Mvua ya El Niño ilijaza bwawa la Masinga mpaka likameza ule mteremko wa saruji ambapo boti ya mzee Kibe ilikuwa ikivutwa nchi kavu ikasuguliwe. Sasa boti haitoki tena majini. Tumboni mwake kumeota ute wa kijani na magugu marefu kama nywele za mzimu. Siku ya soko ilipojaa watu ilikosa nguvu, mkondo ukaanza kuibeba kuelekea ukuta wa bwawa. Watu walifika ng'ambo wakiwa wamekiri dhambi zao zote.

Kwa hiyo Musau aliitwa. Musau ndiye mchumba wa Nzilani, na aliwahi kusugua meli kule Mombasa. Anaingia chini ya boti na kisu cha kukwangua, mdomoni ameuma mpira mrefu. Hewa inatoka nchi kavu kwa kompresa ya Kaloki, yule fundi wa pancha wa Kivaa, inayozungushwa na injini ya petroli. Kazi hufanywa Jumapili, kwa sababu ndiyo siku boti haivukishi watu.

Na Nzilani hushika kamba iliyofungwa kiunoni mwa Musau. Mvuto mmoja: uko sawa? Musau hujibu kwa mvuto mmoja. Akivuta mara tatu, maana yake ni nitoe, na upesi.

Basi Nzilani alivuta mara moja. Akangoja.

Kamba ilivutwa kidogo, ikaachiliwa, ikavutwa tena, ikatikiswa huku na huku, kama mtoto anavyochezea mkia wa ndama.

"Mzee," Nzilani alisema bila kugeuka, "Musau hayuko sawa."

Mzee Kibe, mwenye boti, alikuwa ameketi nyuma kwenye kiti cha nahodha, amevaa koti la Jumapili. Alikuwa ametoka kwake Matuu asubuhi ile kuja kuhakikisha kazi inaisha.

"Huyo kijana anakutania tu," alisema. "Nyinyi wapenzi! Hata chini ya maji mnataka kubembelezana?"

"Musau hachezi na kamba."

"Si alikuwa anacheka akiingia?"

"Alicheka juu. Chini hacheki."

Nzilani aliweka kiganja chake sakafuni mwa boti. Toka asubuhi alikuwa akisikia kisu cha Musau kupitia chuma, kwaru, kwaru, kwaru, polepole, sawasawa. Sasa hakusikia kitu.

Halafu kukaja mlio mwingine. Ngo. Ngo-ngo. Ngo.

Mtu alikuwa akigonga tumbo la boti kwa mpini wa kisu. Alikuwa akigonga kwa mapozi, kama mtu aliyekaa kivulini na wenzake, ameshiba, hana haraka ya kwenda popote.

Kibe aliinuka kitini.

"Anapiga ngoma?" aliuliza. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

Nzilani hakungoja tena. Aliikamata kamba kwa mikono miwili akavuta kwa nguvu zake zote. Kamba haikuja. Ilikaza kama imefungwa kwenye mti. Akainama mpaka pua ikagusa maji, akaona. Kamba ilikuwa imepinda chini ya mkia wa boti na kuzunguka propela.

"Mungu wangu. Imekwama."

"Vuta tena!"

"Nikivuta nitaikaza zaidi. Mzee, subiri. Subiri nifikiri."

Kufikiri, msomaji, ni rahisi ukiwa na hewa. Nzilani alikuwa nayo tele, bwawa zima la hewa juu ya kichwa chake, na bado wazo halikuja.

Jicho lake likaangukia mpira wa hewa. Ulipita pale ukingoni, karibu na goti lake, na mahali hapo palikuwa na kiungo kilichofungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kiungo kile kilikuwa kikivuja kidogo siku zote, ssss, kama nyoka mdogo. Kila Jumapili, kabla Musau hajaingia, Nzilani hunusa hewa ya mpira ule. Leo pia alinusa. Ilikuwa na harufu ya raba na unga wa tyubu, basi.

Alishusha pua yake hapo kwenye kiungo.

Akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

Harufu ya moshi. Petroli iliyoungua, ile harufu ya kusimama nyuma ya lori linalopanda mlima.

Aligeuka kuangalia nchi kavu. Asubuhi kompresa ilikuwa imekaa juu ya mwamba, upande ule upepo unakotoka, ekzosi ikiangalia vichaka na pua ya mashine ikiangalia bwawa. Pua ndivyo walivyoiita ile sehemu inayovuta hewa. Musau mwenyewe ndiye aliyeuchagua mwamba ule. Alilowesha kidole, akakiinua juu, akasema, "Hapa. Na isisogezwe."

Juu ya mwamba hakukuwa na kitu.

"Kaloki!" Nzilani alipaza sauti. "Kaloki we!"

Aliyejibu si Kaloki. Walijibu akina mama wa kanisa, kwa wimbo. Walikuwa wamesimama ufukoni na mavazi meupe, safu nzima, na mbele yao Pasta Laban akiwa majini mpaka kiunoni, mkono wake juu ya kichwa cha mtu wa kubatizwa.

Mashine ilikuwa bado inanguruma mahali fulani. Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa nene, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Tena Nzilani alikumbuka saa iliposhuka. Kichwa kilikuwa kikimgonga kwa ile kelele, na iliposhuka alisema moyoni, asante. Hakuuliza ni kwa nini.

"Mzee, shika hii."

"Mimi?"

"Wewe. Hakuna mwingine. Usivute. Akivuta yeye, mjibu mara moja, ajue juu kuna mtu."

"Na asipovuta?"

Nzilani alimsukumia kamba. Kibe alishika kamba kwa mikono miwili, mbali na koti lake, kama mtu aliyekabidhiwa mkia wa chatu akaambiwa kichwa kiko karibu.

Gati la pale lilikuwa mapipa yaliyofungwa pamoja na mbao juu yake. Nzilani alikimbia juu yake likayumba chini ya miguu yake, akaruka kwenye matope, akaanguka, akainuka na goti linalovuja damu.

"Baba! Mashine iko wapi?"

Ndiyo, Pasta Laban ni baba yake mzazi. Na kama umesahau, yeye ndiye aliyerudisha mbuzi za ntheo, zile mbuzi ambazo kwetu Ukambani bila kupokelewa msichana bado si mke wa mtu. Zililetwa, akazirudisha. Zikaletwa tena, akazirudisha zikiwa zimenenepa. Sababu yake ilikuwa moja: Musau amezama majini kuliko Wakristo wote wa Kivaa, na bado hajabatizwa.

"Nzilani," Laban alisema kwa sauti ya chini ya madhabahuni, "usipige kelele ndani ya ibada."

"Iko wapi, Baba?"

"Ongea na wazee. Mimi niko na mtu mkononi."

Susu Kamanthe ndiye aliyemwonea huruma. Huyo ni mama mzee wa kanisa, na sisi wote wa Kivaa humwita susu, bibi, hata ambao hatukuzaliwa kwao. Alimshika Nzilani kiwiko.

"Mwanangu, tumeisogeza tu. Hiyo mashine tunaipenda, inafukuza mamba. Ndiyo maana tunabatiza hapa karibu nayo. Lakini leo ilikuwa inameza maombi. Pasta anasema 'katika jina la', mashine inasema tu-tu-tu. Sasa mtu atajuaje amebatizwa katika jina la nani?"

"Susu, mmeipeleka wapi?"

"Hapo nyuma ya banda la samaki. Vijana wameibeba vizuri, hata haikuzimika. Halafu tukaifunika na turubai. Sauti ikawa tamu kabisa."

Nzilani alikinasua kiwiko chake.

Banda la samaki lina mabati pande tatu. Upande wa nne ulikuwa wazi, na upande huo ndio walioufunga kwa turubai. Alikimbia mpaka pale, akashika turubai, akalirarua kutoka kwenye misumari.

Moshi ulimjia usoni kama ng'ombe anayetoka zizini.

Ndani, kompresa ilikuwa ikitetemeka juu ya magurudumu yake madogo. Ekzosi ilikuwa inapuliza kwenye bati, bati linaurudisha moshi, na pua ya mashine, taratibu, bila ubaya wowote, ilikuwa inauvuta na kuupeleka kwenye mpira.

Kando yake alikuwa ameketi Kaloki, mgongo kwenye ukuta, miguu ameinyoosha. Alikuwa anatabasamu.

"Nzilani," alisema, ulimi mzito. "Sasa?"

"Kaloki, toka humo!"

"Ninatoka." Hakutikisika. "Nimeambia miguu itoke. Imekataa."

Susu Kamanthe alikuwa amefika nyuma, anahema.

"Ee! Kaluvu asubuhi hii? Na Jumapili? Kaloki, wewe unakunywa pombe ukiwa umepewa mashine ya watu?"

"Si kaluvu, Susu. Hata tone hakunywa. Ni huu moshi." Nzilani alikuwa tayari amemshika Kaloki kwapani, anamburuta. "Na huu moshi ndio Musau anapumua. Hana hewa nyingine."

Mama mzee aliitazama mashine. Akautazama mpira unaotoka pale chini ya bati, unaovuka matope, unaopita kando ya miguu ya wale waimbaji, mpaka kwenye boti. Uso wake ukabadilika.

"Aai, mwaitu, mama yangu," alinong'ona. "Sisi ndio tumefanya hivi?"

"Nisaidie kuitoa. Lakini isizimike! Ikizimika hana kitu kabisa."

Kamanthe aligeuka, akaweka mikono mdomoni, akatoa sauti ambayo hata mamba wa ng'ambo waliisikia.

"Akina mama! Acheni wimbo! Njooni!"

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Walikuja na nguo zao nyeupe, wengine wakiwa wamelowa mpaka nywele. Hawakuuliza. Wengine walishika mpini, wengine wakasukuma tangi na kuunguza viganja, wengine wakamkokota Kaloki mpaka kwenye nyasi. Gurudumu moja lilizama kwenye matope. Mashine ikalala upande. Injini ikakohoa. Tu. Tu-tu. Tu.

Ikanyamaza kidogo.



Tu-tu-tu-tu-tu.

"Haleluya," mama mmoja alisema, na hakuwa anaimba.

Waliinyanyua, wakaisimamisha juu ya mwamba wake wa zamani, pua ikiangalia bwawa. Upepo wa majini ukaupeperusha moshi mpaka vichakani. Akina mama wakaanza kupiga makofi. Kazi imekwisha.

Nzilani hakupiga. Alikuwa anaangalia tangi.

"Nini tena?" Kamanthe aliuliza.

"Tangi limejaa ule moshi. Na mpira wote, mpaka kwake. Hewa nzuri iko nyuma. Mbaya iko mbele."

"Si itapita?"

"Itapita, Susu. Lakini njia ya kupita ni moja tu. Kifuani mwa Musau."

Mikono ikashuka.

Angeweza kufungua koki ya tangi, moshi wote ukatoka pale pale kwa mlio mmoja. Mkono wake ulienda mpaka kwenye koki. Lakini koki ikifunguliwa, mpira unakauka. Musau mwenye akili timamu angejua la kufanya: angeuachia mpira, angepiga teke, angepanda. Musau anayepiga ngoma chini ya boti angevuta maji na kuyaona matamu.

Akauondoa mkono.

"Lazima atolewe," alisema. "Na kamba imeshikwa na propela. Nani anajua kuogelea?"

Watu waliangaliana. Sisi wa Kivaa tunalima. Maji haya yalitukuta hapa mashambani mwetu, hatukuyafuata sisi.

"Yuko upande gani wa boti?"

Sauti ilitoka nyuma yao. Pasta Laban alikuwa amesimama, maji yakimtiririka kwenye joho lake, Biblia hana, amempa mtu.

Toka mbuzi za kwanza zirudishwe, baba yake hakuwahi kuuliza swali lolote kuhusu Musau. Nzilani alimwangalia kama mtu asiyeelewa lugha.

"Nzilani. Mimi nimelelewa kando ya mto Athi, hujui? Nauliza kijana yuko upande gani."

"Katikati, Baba. Karibu na mkia. Fuata mpira, utakupeleka."

Laban aligeuka, akaingia majini. Maji yakampanda kiunoni, pale ambapo kila Jumapili husimama. Hakusimama. Yalimpanda kifuani, mabegani, halafu joho likaelea nyuma yake kama karatasi, halafu likashuka naye.

Nzilani alikimbia kurudi kwenye gati.

Kibe alikuwa bado na kamba. Alikuwa amepiga magoti na koti lake la Jumapili, jasho linamdondoka kwenye kidevu.

"Ameacha kujibu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu mwingine. "Alikuwa anavuta, namjibu, anavuta, namjibu. Tukazoeana. Halafu ameacha. Msichana, mimi nilimjibu kila mara, naapa."

"Nipe."

Nzilani alilala kifudifudi, shavu kwenye chuma cha moto. Chini yake maji yalikuwa na rangi ya chai. Aliona weupe ukipita, joho la baba yake, ukaingia kivulini mwa boti, ukapotea.

Ngo-ngo haikuwepo tena.

Alingoja. Nzilani alikuwa ameumbwa na subira, mama yake alisema hivyo tangu akiwa mtoto, kwamba ukimwambia achunge maziwa yasifurike atakaa hapo mpaka jioni. Sasa subira ilikuwa inamla kutoka ndani.

Kamba ikalegea.

Ikalegea kabisa! Akavuta, ikaja. Akavuta tena, na uzito ukaja nayo, uzito wa mtu mzima na mkanda wa vyuma anaouvaa ili azame.

"Mzee, saidia! Sasa vuta! Sasa!"

Walivuta pamoja, tajiri wa Matuu na binti wa mchungaji, mpaka kichwa cha Musau kikapasua maji. Mdomo ulikuwa wazi. Mpira wa hewa haukuwemo. Nzilani alimshika nywele, Kibe akamshika mkono, akina mama waliokuwa wamefika kwenye gati wakashika chochote kilichoshikika. Mkanda wa vyuma ulifunguliwa ukaanguka majini. Musau akaja juu ya mbao kama samaki mkubwa asiyepigana.

Kibe alimwinamia, akacheka kwa machozi.

"Asante Mungu! Hebu muone! Midomo myekundu, kucha nyekundu! Huyu ana damu nzuri kuliko mimi!"

Kweli, msomaji, kama ungemwona ungesema ni mtu aliyetoka kulala usingizi mzuri. Ufizi wake ulikuwa umeiva kama tunda. Uso ulikuwa umepumzika.

Nzilani alimtazama, na ile rangi nzuri ikamwogopesha kuliko yote aliyoyaona asubuhi ile. Kaloki, pale kwenye nyasi, alikuwa na midomo kama hiyo hiyo.

"Mgeuzeni kwa ubavu. Msimzunguke! Mwacheni apate upepo."

Alimpiga mgongoni. Maji yalimtoka. Alimpiga tena. Hakuna kitu. Alimlaza chali, akamziba pua, akamfunika mdomo kwa mdomo wake mbele ya kanisa zima, akampulizia pumzi yake mwenyewe. Hakuna aliyegeuza uso. Akapuliza tena, na tena, mpaka nyota zikamzunguka.

Musau akakohoa.

Akatapika maji na uji wa asubuhi juu ya viatu vya mzee Kibe.

"Tapika, kijana!" Kibe alipiga kelele kwa furaha. "Tapika! Viatu ni vyako!"

Macho ya Musau yalifunguka. Yalitangatanga, yakampata Nzilani, yakakaa hapo.

"Nzilani," alisema, polepole sana. "Ni nani amewasha taa huko chini?"

"Hakuna taa, Musau. Pumua."

"Iko. Na kuna joto. Vizuri." Alijaribu kuinuka kwa kiwiko. "Niachie nirudi. Nilikuwa nimekaribia kumaliza."

Alikuwa anausukuma mkono wa Nzilani! Huyo mtu, ambaye maji yalikuwa bado yanamtoka puani, alikuwa anajikokota kuelekea ukingoni, akitabasamu, mkono umenyooshwa kama anayeitwa na watu anaowajua. Ilibidi Nzilani amlalie kifuani. Kamanthe akamkalia miguu.

"Kaa hapa, kijana," mama mzee alimwambia. "Mbinguni watakungoja. Mimi mwenyewe wananingoja na sijaenda."

Polepole, nguvu ile ya ajabu ikamtoka. Kichwa chake kikalala mapajani mwa Nzilani. Alianza kulia bila sauti, akasema kichwa kinampasuka. Kichwa kuuma! Nzilani alifurahi kusikia hivyo kama aliyesikia habari ya mtoto kuzaliwa. Mfu haumwi kichwa.

Sasa gati zima lilikuwa linaongea. Wengine walikuwa wanaomba kwa sauti. Wengine walikuwa wanabishana ni nani aliyesema turubai. Wimbo ulianza upande mmoja, mwingine ukaanza upande wa pili. Na juu ya yote, kutoka mwambani, mashine inanguruma kwa nguvu zake zote mpya.

Kibe aliziba masikio.

"Jamani, tusikizane! Mgonjwa anaumwa kichwa!" Alisimama, akapunga mkono kuelekea nchi kavu. "Kaloki! We Kaloki! Zima hiyo kelele! Kazi imeisha!"

Kule kwenye nyasi, Kaloki alikuwa ameamka. Upepo ulikuwa umemrudishia miguu, si sana, ila kidogo. Alisikia jina lake. Aliinuka akipepesuka, uso wake una aibu ya mtu aliyeharibu jambo kubwa na amepewa nafasi ya kufanya dogo sawasawa. Akaanza kupanda mwamba.

Nzilani alikuwa anafuta uso wa Musau kwa pindo la leso yake. Moyo wake ulikuwa umejaa. Alitaka kumwambia mtu mmoja tu. Alitaka kumwambia, Baba, umempokea mwenyewe, kwa mikono yako, mbele ya watu. Sasa utarudisha mbuzi gani?

Akainua macho kumtafuta.

Kwenye gati, nguo nyeupe zilikuwa nyingi. Aliziangalia moja moja. Akaangalia ufukoni. Akaangalia ndani ya boti.

"Susu," alisema. "Baba yuko wapi?"

"Si alitoka na huyu?"

"Ulimwona akitoka?"

Mama mzee aligeuka kuwahesabu wenzake.

Nzilani aliangalia maji.

Mpira wa hewa, ambao Musau alikuwa hana tena mdomoni, ulipaswa kuwa unaelea ovyo, mwisho wake ukipuliza mapovu juu kama sufuria inayochemka. Haukuelea. Ulikuwa umekaza, umenyooka, umeshuka moja kwa moja chini ya tumbo la boti. Na upande wa pili, karibu na propela, povu lilipanda. Likapasuka. Likaja lingine, polepole. Halafu lingine.

Kulikuwa na mtu chini kule, joho lake limenaswa na propela, ameuma ule mpira, anapumua.

"Nau!" Kikamba kilimtoka chenyewe, neno ambalo mtoto mdogo humwitia baba. Akageuka nchi kavu, akavuta pumzi yote iliyobaki kifuani. "Kaloki! Usizi—"

Wimbo uliimeza sauti yake.

Juu ya mwamba, Kaloki alishika swichi kwa uangalifu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Tu-tu-tu ikawa tu, tu. Kisha kimya.

Povu lingine lilipanda kando ya boti, dogo kuliko yote.

Nzilani alingoja lifuatalo.